Mashine ya Bustani: Ipi Inunuliwe?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wengi wa gazeti letu hili ni watoto wa wakulima na wafugaji, nami ni mmojawapo. Muhula uliopita gazeti lilijaa habari za mpira, za mdahalo na za safari ya wenzetu wa Kidato cha Tatu, nazo zote zilikuwa habari njema. Lakini wazazi wetu nao hulisoma tunapolipeleka nyumbani wakati wa likizo, na mara nyingi hawaoni ndani yake jambo la kuwafaa. Kwa hiyo naomba nafasi nieleze habari moja ya nyumbani, nayo ni jinsi ya kuchagua mashine ya kusaidia kazi za bustani. Nasema bustani, sisemi shamba. Shamba kwetu Tarime ni jambo la ng'ombe na plau, wala Mkurya hahitaji kufundishwa hilo na mtoto wa shule. Bustani ni kile kipande kilicho nyuma ya nyumba, chenye mchicha, mnavu, mgagani, sukuma, vitunguu na nyanya. Wanaume wengi hukipita kila siku wakienda zizini pasipo kukitazama, na jioni hula kilichotoka humo.

Siku hizi maduka ya Tarime mjini, na ya Sirari kule mpakani na Kenya, yana mashine ndogo ndogo za kila namna. Ziko za kufyekea majani, za kuvuta maji, za kunyunyizia dawa, za kukatia miti, na hata za kulimia. Nyingine zatumia petroli, nyingine umeme, nyingine betri, nyingine jua. Zimepangwa barazani, rangi zake zang'aa, hata mpita njia asiyekuwa na haja nazo hujikuta amesimama. Ukimwuliza muuzaji ipi iliyo bora, atakuonyesha ile ya bei kubwa. Ukimwambia huna fedha hizo, ile ya pili yake nayo hugeuka kuwa bora. Sisemi kwamba ni mwongo. Hajapata kuiona bustani yako, basi atajuaje?

Kwetu jambo hili lilizuka katika likizo ya Juni. Baba aliuza fahali mmoja mnadani. Fedha nyingine zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi, na zilizobaki zilitosha kununua mashine moja, wala si mbili. Usiku baada ya chakula akatuita mimi na kaka yangu, akatuuliza tuonavyo. Baba mwenyewe alipenda mashine ya kufyekea. Alikuwa amemwona mtu mmoja mjini amening'iniza injini begani, akisafisha kwa muda wa saa moja uwanja ambao watu watano wenye mafyekeo wangeumaliza adhuhuri. Kaka alipenda pampu kubwa ya petroli, apate pia kuikodisha kwa majirani. Aliitaja na pawatila, lakini baba akacheka, akamwuliza kama alitaka tuuze zizi zima. Mama alikuwa jikoni, na dada yangu wa Darasa la Saba alikuwa naye akiosha vyombo. Wao hawakuulizwa.

Mimi niliomba tungoje siku tatu nipate kuhesabu. Baba akasema, "Haya hesabu, mura, ndiyo kazi tuliyokupelekea shule." Nikachukua daftari, nikawa naandika kila kazi iliyofanywa bustanini, nani kaifanya, na kwa muda gani. Yaliyoandikwa humo yalikuwa haya. Kupalilia kulichukua saa mbili kwa siku zote tatu. Kufyeka majani ya ukingoni, nusu saa. Kunyunyizia nyanya dawa, mara moja, muda mfupi. Kuchota maji mtoni na kumwagilia, kila siku, karibu saa nne. Katika siku hizo tatu zilichotwa ndoo 78. Mama alibeba 41, dada alibeba 31, na sita zilizobaki zilibebwa na watoto wadogo kwa madumu yao. Kutoka kijitoni hadi bustanini ni mita 90 hivi, nayo njia ni ya kupanda.

Hesabu ya pili niliifanya mezani. Bustani yetu ina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, maana yake mita za eneo 200. Mboga wakati wa kiangazi zahitaji maji ya kina cha milimita 5 hivi kila siku. Ukizidisha utapata lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Nasi tulikuwa tukichota ndoo 26. Basi haikuwa ajabu kwamba kila ifikapo Julai nusu ya bustani hukauka, na mama husema ardhi ya upande ule ni mbaya. Ardhi haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa na kiu.

Niliposoma hesabu hizi mbele ya baba, jambo lililomgusa si lita elfu moja. Ni zile ndoo 31. Dada yangu huamka saa kumi na moja alfajiri, hubeba ndoo tano au sita, kisha hukimbia shuleni, na mara nyingi huingia darasani somo la kwanza limekwisha kuanza. Mtihani wa Darasa la Saba hufanyika Septemba, wakati ambao kijito kimekuwa chembamba na ndoo hujaa polepole zaidi. Baba alilijua hilo. Lakini kulijua jambo na kuliona limeandikwa kwa tarakimu ni mambo mawili.

Kuanzia hapo tukazitazama mashine moja moja, na hapa ndipo ningependa mzazi anayesoma asichoke haraka.

Mashine ya kufyekea ni nzuri kwa mwenye uwanja mkubwa usio na mifugo, mathalani hoteli za wageni kule Serengeti, au uwanja wa ofisi. Lakini kwetu mashine ya kukata majani ina miguu minne, nayo hutoa maziwa. Kuyafyeka majani kwa petroli kisha kuyaacha yakauke, hali ng'ombe wako zizini, ni kulipa fedha ili uharibu chakula. Tena nyingi kati ya mashine hizo zina injini ambayo petroli yake lazima ichanganywe na oili kwa kipimo. Ukisahau oili, injini hukwaruza na kufa siku hiyo hiyo. Ukizidisha, hutoa moshi na plagi huziba. Aidha, kisu chake hurusha mawe kama kombeo, na nchi yetu ina mawe tele. Anayeitumia lazima avae miwani ya kukinga macho na viatu vigumu, wala mtoto asisogee karibu. Hapa shuleni, kama mjuavyo, majani hukatwa kwa mafyekeo na mikono yetu wenyewe, hasa Jumamosi, na hasa na wale waliochelewa mstarini. Sina haja ya kusema zaidi.

Pawatila nayo ilipata sifa nyingi nchini tangu serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009. Ni chombo cha kazi, na katika majaruba ya mpunga hufaa sana. Lakini kwa bustani ya mita 20 kwa 10 itamaliza kazi kabla chai haijapoa, kisha ilale mwaka mzima ikila kutu. Mwalimu Nyerere, ambaye Butiama yake iko katika mkoa wetu huu wa Mara, aliwahimiza wakulima watoke kwenye jembe la mkono waingie kwenye plau la ng'ombe kabla ya kuota matrekta. Wazee wetu wa Kikurya walikuwa wamekwisha kuingia. Plau haliwezi kugeuka katikati ya matuta ya vitunguu, hilo ni kweli. Jembe laweza, na katika daftari langu kulima hakukuwa ndiko kunakochosha.

Msumeno wa injini hatukuujadili kwa kirefu. Miti yetu ya bustanini ni mipapai miwili.

Bomba la kunyunyizia dawa lenye betri ndilo lililonipa shida kidogo, maana lina faida ya kweli. Bomba la kawaida la lita 16 hubebwa mgongoni huku mkono mmoja ukisukuma mpini bila kupumzika. La betri hubebwa vivyo hivyo, ila mkono hupumzika, na dawa hutoka kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mkulima wa nyanya nyingi, hasa tangu mdudu yule aitwaye kantangaze alipoingia nchini mwaka 2014, huenda akalihitaji. Sisi tuna mistari minne tu ya nyanya. Tukasema lingoje fahali mwingine.

Ikabaki pampu. Kaka akafurahi, akadhani shauri limekwisha na ameshinda. Lakini kusema "pampu" ni sawa na kusema "ng'ombe": kuna dume, kuna mtamba, na kuna yule mkongwe asiyeinuka.

Jambo la kwanza ni kimo. Jirani yetu mmoja alinunua pampu ya petroli miaka miwili iliyopita, akaiweka uani kwake ili wezi wasiione, akapeleka mpira hadi kijitoni. Injini iliunguruma kutwa, maji hayakuja. Alisema ameuziwa kitu kibovu, akakifunika kwa gunia, na hadi leo kimo ghalani. Katika somo la Fizikia tumefundishwa sababu yake. Pampu iliyo juu haivuti maji kama mtu avutavyo kamba. Huondoa hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Pwani uzito huo waweza kuyapandisha maji mita 10 na kidogo, basi. Kwetu hewa ni nyepesi zaidi, kwa kuwa hata Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, nasi twakaa juu ya ziwa. Kwenye kimo cha mita 1,500 hewa haiwezi kuyapandisha maji hata mita 9, na kwa pampu za kawaida usitegemee zaidi ya 6. Lakini kusukuma maji kwenda juu ni jambo lingine, hilo hutegemea nguvu ya mashine. Kwa hiyo pampu hukaa karibu na maji ikayasukuma, haikai mbali ikayaita.

Tulipima kimo chetu kwa mpira wa levo, ule mpira mwangavu wenye maji ambao mafundi waashi huutumia kusawazisha msingi. Tuliazima kwa fundi mmoja, tukapanda hatua kwa hatua tangu kijitoni, mimi nikishika ncha moja na kaka nyingine, mtoto mdogo akitubebea fimbo ya kupimia. Ilikuwa mita 12. Jirani yule alisimama njiani akitutazama. Nyumba yake na yetu ziko usawa mmoja. Tulipomweleza maana ya mita 12 alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hiyo ya kwake ingefaa ikishushwa bondeni. Tulimwambia ingefaa.

Jambo la pili ni wingi wa maji yaliyopo, wala si wingi wa maji ambayo mashine yaweza kuyavuta. Tuliyakinga maji ya kijito yote kwa mfereji wa mgomba, tukaweka ndoo ya lita 20 chini yake, nikatazama saa. Ilijaa kwa sekunde 15. Hiyo ni lita 80 kwa dakika, na ilikuwa Juni bado. Pampu ya petroli ya inchi 2, ile aliyoitaka kaka, huvuta lita mia kadhaa kwa dakika. Ingekunywa kile kidimbwi mara moja, kisha ivute matope na hewa. Na walioko chini yetu, ambao ng'ombe wao hunywa hapo hapo, wangekuja kutuuliza habari. Kwetu habari za maji na ng'ombe haziulizwi kwa upole.

Kabla ya kukata shauri nilikwenda kumwona shangazi yangu katika wilaya ya Serengeti, upande wa Mugumu, kwa sababu yeye analo bustani la mboga na pampu ndogo ya petroli kwa miaka mingi. Alinionyesha yote kwa moyo mkunjufu: jinsi ya kubadilisha oili, jinsi ya kusafisha chujio, jinsi ya kumwaga petroli iliyolala muda mrefu. Nyumba yake haiko mbali na mpaka wa Hifadhi, na wakati wa kiangazi bustani yenye majani mabichi ni mwaliko kwa tembo. Walikwisha kumvunjia mabomba na tangi moja. Kwa hiyo jioni kila kitu huingizwa ndani. Pampu yake ina uzito wa kilo zaidi ya 20, naye huipakia kwenye toroli na kuipandisha na watoto wawili. Nikamwuliza kwa nini asiiache imefungwa kwa mnyororo. Akaniambia, "Mwanangu, mashine usiyoweza kuiingiza ndani jioni si yako. Ni ya tembo, au ya wezi." Kabla ya hiyo alikuwa na ile pampu ya kukanyaga kwa miguu, ambayo ilienea sana Kenya tangu miaka ya 1990 na hatimaye ikafika kwetu. Anaisifu hata sasa: haikunywa petroli, wala haikuharibika ila ngozi zake za ndani. Aliiacha magoti yalipoanza kumwuma.

Niliporudi, kaka alikuwa na fikra mpya. Nyumba yetu imepata umeme wa mradi wa vijijini, basi kwa nini isiwe pampu ya umeme? Hapo nikafanya hesabu ambayo ilinishangaza mimi mwenyewe, na nitaiandika kamili ili wenzangu wa Kidato cha Tatu waisahihishe wakipenda. Maji lita 1,000 yana uzito wa kilo 1,000. Kuyapandisha mita 12, na mita 2 zaidi ili yaingie kwenye tangi lililo juu ya jukwaa, ni mita 14. Zidisha 1,000 kwa 9.8 kwa 14: ni jouli 137,200. Uniti moja ya umeme, hiyo tunayonunua kwa LUKU, ni jouli 3,600,000. Hata tukisema kwamba robo tu ya nguvu ndiyo ifanyayo kazi na robo tatu zapotea ndani ya mashine na katika mpira, hatufikishi hata uniti moja ya tano. Ni sawa na kuwasha pasi ya wati 1,000 kwa dakika 9. Kazi inayompindisha mama mgongo, na kumchelewesha dada yangu darasani, kwa umeme ni shati mbili na sketi moja.

Nilipomwonyesha baba jambo hilo aliinuka, akatoka nje, akasimama muda mrefu akitazama bondeni.

Lakini umeme wa waya nao una masharti yake. Kutoka mita yetu hadi kijitoni ni mita 110. Waya mwembamba hupunguza umeme njiani, na mota inapoanza kuzunguka huhitaji umeme mara kadhaa kuliko kawaida yake. Ikikosa, huunguruma pasipo kuzunguka, hupata moto, huungua. Waya mnene upo, ila tuliambiwa bei yake dukani, na ilizidi bei ya pampu. Tena kupitisha waya wa volti 230 katika njia wanayopita ng'ombe na watoto, hadi kwenye maji, si kazi ya kubahatisha. Yahitaji fundi mwenye leseni, waya wa ardhini, na swichi ile inayokata umeme mara tu unapovuja. Mwenye kisima kando ya nyumba yake asifikiri mara mbili, achukue ya umeme. Sisi hatuna kisima.

Tulikwenda Tarime mjini siku ya Jumamosi, baba, kaka na mimi. Na safari hii baba alimwambia mama avae twende wote. Dukani muuzaji alimweleza baba habari za petroli kwa ufasaha mkubwa. Mama alisikiliza, kisha akauliza swali moja: "Hiyo nitaiwasha mimi?" Muuzaji akasema ni rahisi sana, akampa kamba ya kuwashia. Mama ana maumivu ya bega la kulia. Akavuta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Injini ikakohoa na kunyamaza. Muuzaji akaivuta mwenyewe, ikawaka, akacheka kidogo. Mama hakucheka. Akasema, "Hawa vijana mmoja yuko bweni na mwingine yuko safarini. Kijiji chetu hakina kituo cha mafuta. Baba yao akienda mnadani, nyanya zangu zitamngoja?" Kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiacha ile pampu, nami nilimheshimu kwa hilo.

Tulinunua pampu ndogo ya kuzama majini, ya kutumia jua, na paneli moja ya wati 100. Haina kamba wala petroli. Jua likipiga hufanya kazi, wingu likipita hupungua, likiondoka hurudi yenyewe. Wala maji hayahitaji kuvutwa kwanza, kwa kuwa mashine imo ndani yake. Kwa fedha zilizobaki tulichukua tangi la lita 1,000 na mpira. Fahali aliisha palepale, hata nauli ya kurudi ilitoka mfukoni mwa kaka.

Niseme neno juu ya vibao vya mashine, maana wengi hupotezwa navyo. Kibao cha pampu moja tuliyoonyeshwa kiliandikwa mita 30 na lita 40 kwa dakika. Mtu hufikiri atapata lita 40 kwenye kimo cha mita 30. La hasha. Mita 30 ni kimo ambacho maji husimama yasitoke hata tone, na lita 40 ni pale ambapo hakuna kimo chochote. Kazi yako iko katikati, na katika kijitabu kinachokuja na mashine kuna mchoro wa kuonyesha ni lita ngapi kwa kila kimo. Ukikosa mchoro huo, chagua pampu ambayo kimo chake cha mwisho ni mara mbili ya kimo chako. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako ndani ya pipa la maji. Uliza vipuri viko wapi; duka likikujibu kwamba huagizwa mbali, fikiri tena. Nawe udai risiti ya mashine, kwa kuwa bila hiyo maneno ya udhamini ni maneno tu.

Nyumbani pampu yetu hutoa lita 8 kwa dakika jua linapokuwa kali. Ni kidogo, na jirani mmoja alicheka alipoona uzi wa maji ukiingia tangini. Lakini lita 8 kwa dakika kwa muda wa saa mbili na dakika tano ni lita 1,000, na saa hizo hupita wakati mama anafanya kazi nyingine. Kijito hakikaushwi. Jioni dada hufungua koki, maji hushuka yenyewe, bustani nzima hunywa kwa nusu saa. Pampu huwekwa ndani ya kikapu ili isile mchanga, na jioni hurudi nyumbani pamoja na paneli. Vyote viwili havifiki uzito wa ndoo moja ya maji. Hatukujenga kitu chochote mtoni, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sheria hiyo ni ya haki, kwa kuwa waliolima hadi ukingoni ndio waliotupunguzia maji.

Si kwamba hakuna kasoro. Siku za mawingu mazito tangi halijai, na ndoo hurudi kichwani. Kivuli kidogo, hata cha jani la mgomba, kikiangukia paneli, maji hupungua kupita unavyodhani, kwa hiyo lazima mtu aisogeze paneli mara moja kabla ya adhuhuri. Kaka bado asema ile ya petroli ingeleta fedha za kukodisha, naye hakukosea kabisa. Mwenye shamba kubwa la nyanya kando ya mto wenye maji mengi, kama wale walioko karibu na Mto Mara, afuate shauri la kaka yangu, asifuate la kwetu.

Nusu ya bustani iliyokuwa ikikauka mama ameipanda vitunguu. Dada yangu aliniandikia barua mwezi wa Agosti. Asema sasa huamka saa kumi na mbili, na kwamba amekuwa wa pili katika jaribio la hisabati, ingawa yule wa kwanza alimpita kwa alama moja tu, tena kwa swali ambalo anaamini lilisahihishwa vibaya. Mpira unavuja pale unapoungana na tangi, naye ameufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ameniomba nikitoka shuleni nipitie Tarime mjini nimnunulie klipu mbili za inchi moja, za chuma kisichoshika kutu, nisimletee zile za bei rahisi.